Kisima cha Nne

Nimechoka kumsikia yule mzee akiitwa mcheza kamari. Wengi wanaosema hivyo hawakuwahi kuketi naye hata nusu saa. Waliobaki waliketi naye, wakala karanga zake, wakashindwa mchezoni kwa haki kabisa, kisha wakaenda mjini kutangaza kwamba alifukuzwa kazi kwa kamari. Inaniuma, na inaniuma zaidi kwa sababu neno lililomharibia jina nililichapa mimi, kwa vidole hivi, kwa taipureta ya ofisi, nakala tatu.

Sisi tulimwita Bwana Mifugo, na hata mke wake alimwita hivyo. Kituo chetu kilikuwa nje ya Dodoma, upande wa Ihumwa, karibu na reli, mahali ng'ombe walipopumzishwa, wakachomwa sindano na kupitishwa kwenye josho kabla ya kupakiwa kwenye mabehewa. Siku hizi hakipo. Kwenye kiwanja chake mtu amejenga ghala la saruji. Ilikuwa ile miaka baada ya ruksa ya biashara huria, maduka yamejaa sabuni za kila rangi, mitumba inashuka kwa malori, na kila ofisi inasubiri wageni wenye mikoba waje waamue nani abaki na nani apunguzwe. Mimi nilikuwa mchapaji. Yeye alikuwa mtu mfupi, mwenye kifua kipana na sauti ndogo, aliyevaa buti za mpira hata kanisani siku za mvua, na siku za mvua kwetu si nyingi kiasi cha kumvunjia mtu heshima.

Kwanza mtu aelewe kuhusu karata zenyewe, maana uongo wote ulianzia hapo. Hazikuwa zile za kopa na shupaza. Zilitoka kwenye belo la mitumba. Bwana Mifugo alikwenda sokoni kutafuta koti, kwa sababu upepo wa Juni hapa hauna huruma, na mama aliyemuuzia alikuwa amekuta ndani ya belo bati la biskuti lililojaa vikaratasi vigumu vyenye picha za majoka, misitu na watu wenye kofia ndefu. Hakujua atavipangia bei gani, akampa kama nyongeza ya koti. Kijitabu cha kanuni hakikuwamo. Yeye alizisoma moja moja kwa kamusi yake kuukuu, kwa makini yaleyale aliyosomea vibandiko vya dawa.

Mchezo ni huu. Mnacheza wawili, kila mmoja ana fungu lake alilojipangia mwenyewe, na kila mmoja anaanza na uhai ishirini. Karata za ardhi zinakupa nguvu, ambayo kwenye karata iliandikwa mana, na kwa nguvu hiyo unalipia wanyama na uchawi wa kumpunguzia mwenzako uhai. Mlinzi wetu, dereva na mimi tulijaza mafungu yetu majoka. Joka moja lilitaka nguvu saba, nasi tulizisubiri nguvu hizo hadi tukafa nalo mkononi.

Bwana Mifugo aliyagawa majoka yake bure. "Joka linakula tu," alisema. "Nionyesheni linalozaa." Akakusanya zile karata tulizozitupa, za watumishi, visima, wabeba kuni, vitu visivyo na kucha wala mbawa, ambavyo kazi yake ni kukuongezea nguvu kidogo. Mzee mmoja wa kanisa alipopita akaona karata za mashetani juu ya meza, alimwuliza kwa uchungu kama haoni aibu. Bwana Mifugo alimjibu kwamba hizo ameshaziondoa kwenye fungu lake, gharama zake ni kubwa na hazirudishi kitu. Mzee wa kanisa aliridhika, ingawa sina hakika alielewa.

Kuna kosa moja tulilolifanya, ambalo nadhani ni watu wa nyanda hizi tu wangelifanya. Nguvu usiyoitumia kwenye zamu yako inakwenda wapi? Kanuni hatukuwa nazo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba inaweza kupotea. Mtu aliyekulia huku, ambako mvua ikikosea mara moja mwaka mzima umeharibika, hatupi kilichobaki. Tuliiweka akiba. Kila nguvu ilikuwa karanga moja, na karanga zilizobaki zilitiwa kwenye kopo la dawa kungoja zamu nyingine. Fungu la kwanza la Bwana Mifugo lilijengwa juu ya makopo hayo. Alikaa kimya akijaza, sisi tukimrukia na vijinyama vyetu, na kopo lilipofika karanga ishirini aliweka karata moja iliyoitwa Moto, ambayo kwa kila nguvu moja unayoilipia inamuunguza mwenzako uhai mmoja. Halafu tulikula karanga. Haya yalifanyika saa ya chakula cha mchana, chini ya bati la josho, na aliyechelewa kurudi kazini hakuwa yeye hata siku moja.

Alikuwa na chuki na neno moja. Mfugaji akija na kusema ndama wake amekufa kwa bahati mbaya, Bwana Mifugo aliweka kalamu chini. "Bahati mbaya ndiyo nani?" aliuliza. "Alilala kwenye zizi gani? Nani alimwona?" Mfugaji alicheka, kisha akaona kwamba hataniwi. "Sema nani hakufanya nini." Kila ng'ombe aliyepita kwetu alikuwa na kadi yake, na kwenye kadi moja niliwahi kusoma maneno haya kwa mwandiko wake: Ndama amekufa. Mwenye mali alichelewa siku nne. Bwana Mifugo hakumfuata. Yeye mwenyewe alijiandika. Nimefanya kazi kwenye ofisi tatu tangu wakati ule na sijaona mtu mwingine anayejiandika.

Hata mimi alinishika. Niliwahi kumpelekea barua iliyochapwa nyuma badala ya mbele, nikamwambia samahani, bahati mbaya karatasi ya kaboni iligeuka.

"Iligeuka yenyewe?"

"Niliigeuza mimi."

"Basi," akasema, akaisoma barua kwa kuiinua kwenye mwanga.

Lakini asije mtu akadhani alikuwa mtakatifu. Kwa neno bahati alikuwa mkali, kwa siku za wiki alikuwa mwongo mkubwa. Chanjo ikiwa Jumatano, aliwatangazia wafugaji Jumatatu, ili wachelewaji wafike Jumatano. Waliofika Jumatatu, watu waungwana walioamka alfajiri na ng'ombe wao, aliwaambia dawa haijafika, huku dawa imo kwenye jokofu nyuma yake. Nilimlaumu. Alinijibu kwamba ng'ombe hawana kalenda. Hilo nalo lilinikera, maana mtu anayedai ukweli kwa wengine hana haki ya kuuficha kwenye jokofu. Halafu alikuwa bahili wa chai. Alihesabu majani kana kwamba ni dawa, na ukiomba kikombe cha pili alikuuliza cha kwanza kilikosea wapi.

Sasa nije kwa Mshauri. Jina lake sitalitaja, si kwa heshima bali kwa sababu hata hapa sitaki akae na jina wakati mwenzake hana. Alitumwa kutoka Dar es Salaam kuangalia kituo kina watu wangapi na kinahitaji wangapi. Kijana wa suruali iliyopigwa pasi vizuri, aliyesoma nje, mpole wa maneno, aliyewaamkia wazee wote shikamoo bila kuruka hata mmoja. Nilimpenda siku ya kwanza, nalisema hilo kwa aibu. Siku ya pili alipita kwenye josho, akaziona karata, akasimama kama mtu aliyeona ndugu yake ugenini.

"Mzee, hizi mmezipata wapi? Mimi nilizicheza chuoni miaka yote."

Akaketi. Alikuwa na fungu lake kwenye mkoba, limevikwa nailoni kila karata. Alicheza na Bwana Mifugo mchana ule, na Bwana Mifugo akajaza kopo lake polepole na kumchoma. Mshauri alicheka sana. Kisha akatueleza kwamba tulikuwa tunakosea. Nguvu isiyotumika haibaki, alisema. Zamu ikiisha, imepotea.

"Inapotea kwenda wapi?" Bwana Mifugo aliuliza.

"Inapotea tu, mzee. Ndiyo kanuni."

Bwana Mifugo alizitazama karanga zake kwenye kopo. Alikuwa amejenga fungu lile kwa mwaka mzima, na sasa lilikuwa takataka. Mlinzi alitaka kubisha, akamnyamazisha kwa mkono. "Kama ndiyo kanuni, ndiyo kanuni," alisema. Akarudisha karata kwenye bati, akaenda kupima joto la fahali.

Siku tatu hakucheza na mtu. Siku ya nne alinisomea karata mbili, taratibu, kama mtu anayesoma mkataba. Ya kwanza ilikuwa Kisima, naye alikuwa nazo nne: tupa karata moja ya mkononi, upate nguvu tatu. Ya pili aliiita Mama wa Kapu, kwa sababu ya picha yake, nayo pia alikuwa nazo nne: lipa nguvu mbili, uokote karata iliyotupwa uirudishe mkononi. Zote mbili zikishawekwa mezani hutumika tena na tena.

"Fanya hesabu," aliniambia.

Nilifanya. Unatupa karata kisimani, unapata tatu. Unalipa mbili, karata inarudi mkononi. Imebaki nguvu moja, na kile ulichotupa unacho tena. Unatupa tena, unaokota tena, nguvu zimekuwa mbili. Ukizunguka mara ishirini una nguvu ishirini, zote za zamu ileile, hakuna hata moja iliyolala. Kisha unaweka Moto. Nilijisikia kama mtu aliyeonyeshwa mlango kwenye ukuta alioupita kila siku. Fungu lote lililobaki, karata kwa karata, lilikuwa la kumsaidia kuvikuta vitu hivyo vitatu mapema, na alilipanga akiandika nyuma ya kadi za ng'ombe zilizoharibika ni mara ngapi katika michezo kumi vitatu hivyo vingekutana kufikia zamu ya nne. Alichanga, akagawa, akaandika, akachanga tena. Hakuna kitu kwenye fungu lile kilichoachiwa kwenda kama kitakavyo.

Mshauri alikubali mchezo, akakaa na tabasamu lake. Zamu ya nne Bwana Mifugo akaanza kutupa na kuokota, akizisogeza karanga kwa kidole, akihesabu kwa sauti yake ndogo hadi ishirini. Mshauri alikuwa na joka mkononi.

"Mzee, huo si mchezo," alisema. "Hunipi nafasi ya kucheza."

"Ulikuwa na zamu tatu."

"Hakuna raha. Ni kama kukaa na mtu anayejichezea peke yake. Kule kwetu mtu akija na fungu kama hili watu wanakataa kuketi naye."

"Kuna kanuni niliyovunja?"

Mshauri akasema hakuna. Wakacheza mara ya pili na ya tatu, ikawa vilevile, na baada ya hapo Mshauri hakuketi tena. Mpaka leo damu inanichemka nikikumbuka. Mzee alipoweka akiba, aliambiwa kanuni hairuhusu. Alipoifuata kanuni mpaka ukingoni, aliambiwa si uungwana. Mtu wa namna hii alitakiwa ashinde lini? Nadhani jibu lilikuwa kwamba hakutakiwa kushinda, alitakiwa awe mzee wa Ihumwa aliyefurahi kufundishwa.

Wiki iliyofuata Mshauri aliniletea ripoti yake kwa mwandiko wa mkono niichape. Kulikuwa na orodha ya watu wa kupunguzwa, na kando ya kila mmoja, sababu. Kando ya Bwana Mifugo aliandika: Hutumia saa za kazi kucheza karata za bahati nasibu. Niliacha kuchapa. Nilimjua mzee yule, nilijua neno lile lingemfanyia nini. Nilikwenda mlangoni nikamwuliza Mshauri kama hapo hajakosea. Saa zile za mchana yeye ndiye aliyekuwa ameketi upande wa pili wa meza.

"Chapa kama ilivyo, dada," alisema kwa upole. "Watu wa juu hawaelewi karata nyingine."

Nikachapa kama ilivyo. Jina langu halikuwamo kwenye orodha, na nilijua kwamba orodha ikichapwa upya majina huongezeka. Huo ndio ukweli wote na hauna mapambo. Kuna watu wanaosema wangefanya vingine, nami nawaombea wasipate siku ya kujaribiwa.

Lililonichoma kuliko yote lilitokea siku Mshauri anaondoka. Ripoti iko tayari kwenye bahasha, bahasha iko kwenye mkoba, na mkoba uko begani mwake. Akamfuata Bwana Mifugo kwenye josho, akamwomba karata moja ya Kisima, ya ukumbusho. Nilisimama dirishani nikaona mzee akifungua bati, akatafuta ile iliyokuwa safi kuliko zote, akampa kwa mikono miwili. Nilitaka kupiga kelele. Nilirudi kuketi.

Barua ya kupunguzwa ilipofika, haikuwa na sababu, ila sababu hazikai kwenye bahasha. Aliyeifungua ripoti mjini alimwambia mwenzake, mwenzake akamwambia shemeji yake, na kabla ya mwezi kuisha Bwana Mifugo alikuwa mcheza kamari. Kanisani walimwondoa kwenye kamati ya ujenzi. Wafugaji waliokuwa wakimsalimu kwa Kigogo, "mbukwa", toka mbali walianza kupeleka ng'ombe kwa mtu mwingine, maana nani atampa mcheza kamari dhamana ya mifugo yake? Alifungasha akahamia Kibakwe, kwenye milima, kwa shemeji zake. Hakuniaga, wala sikumpa nafasi ya kuniaga.

Ilinichukua miaka kumfuata. Kilichonitoa nyumbani ni msiba mmoja hapa Ihumwa, ambapo mtu niliyemwona kwa macho yangu akila karanga za mzee yule alisimulia habari zake za kamari, watu wakacheka, nami nikakaa na sahani yangu ya wali bila kusema kitu. Asubuhi yake nilipanda basi la Mpwapwa, na kutoka Mpwapwa nikapanda Landirova ya Kibakwe iliyobeba magunia ya vitunguu na watu juu yake.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya banda la mbuzi, anapunguza kwato za beberu kwa kugusa zaidi kuliko kuona. Macho yalikuwa yameanza kumwacha.

"Shikamoo, Bwana Mifugo."

"Marahaba. Hiyo ni sauti ya Mchapaji. Kaa, nimalize mguu huu."

Alimaliza mguu. Mke wake akaleta chai, kikombe kimoja kila mtu. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, yote yakanipotea, nikamwambia tu kwamba orodha ile niliichapa mimi.

"Nani mwingine angeichapa?" alisema. "Kituo kilikuwa kinakufa. Hata ng'ombe walijua. Kwa hilo sina neno na wewe."

Nilipaswa kushukuru na kunywa chai yangu. Lakini upole wake ulinikasirisha. Nilitaka akasirike, kwa ajili yake na kwa ajili yangu, kwa hiyo nikamwuliza kama anajua kilichoandikwa kando ya jina lake.

"Walisema kamari. Watu husema."

"Haikuandikwa kamari. Iliandikwa kwamba unacheza karata za bahati nasibu."

Aliweka kikombe chini. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile kwa jambo lililopita siku nyingi. Kazi alikuwa amesamehe, kamati ya ujenzi alikuwa amesamehe.

"Bahati?" alisema. "Yule kijana aliandika bahati?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukachapa bahati."

Alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na bati lilelile la biskuti, kutu imelikula pembeni. Karata zilikuwa zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Alinipa fungu nilichange mwenyewe na nilikate mwenyewe, yeye asiliguse. Kisha akavuta karata, akizisogeza karibu na jicho la kushoto. Zamu ya nne alikuwa na Kisima, Mama wa Kapu na Moto. Akanirudishia nichange tena. Zamu ya tatu. Tena. Zamu ya nne. Hakuwa anacheza na mtu. Alikuwa anatoa ushahidi, na mimi nilikuwa baraza zima. Mara tisa ilikuwa hivyo, na beberu aliyekwisha kupunguzwa kwato za miguu mitatu akituangalia.

Mara ya kumi ikafika zamu ya nne, ya tano, ya sita. Kisima hakikuja. Nilitamani kije kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote.

"Umeona?" alisema.

"Mara moja tu kati ya kumi, Bwana Mifugo. Hiyo inaweza kuwa..."

"Usilitaje," akasema. "Hapa vimo visima vitatu. Fungu hili nililipanga kwa vinne. Cha nne nilimpa mtu, kwa mkono wangu. Hiyo ndiyo sababu, na aliyefanya ni mimi."

Akamwita mke wake alete daftari na kalamu, akaviweka mapajani mwangu. Alitaka iandikwe. Nilimwuliza tutaipeleka wapi, kituo hakipo, ofisi ya mjini imehama, Mshauri Mungu anajua aliko. Alisema hakuniuliza inakwenda wapi.

Nilifungua ukurasa safi, nikaanza kwa lugha ninayoijua, lugha ya ofisi. Alisubiri mpaka nimemaliza mstari.

"Soma."

"Kwa bahati mbaya, katika ripoti ya kituo kulitokea kosa la..."

"Bahati mbaya ndiyo nani?"

Nilikata mstari wote. Kisha nikaandika jina langu kamili, na mbele yake nikaandika kwamba nilichapa neno nililolijua kuwa si kweli, kwa sababu niliogopa, na kwamba mchezo wa mzee huyu haukuwa na bahati ndani yake. Nikamsomea.

"Ile ripoti ulichapa nakala ngapi?"

"Tatu."

Alirudi kwenye kigoda chake, akaushika mguu wa nne wa beberu.

"Basi bado mbili," akasema.